Pikapu Mbili za Umeme

Kama gazeti la wiki iliyopita ulifungia sabuni kabla hujalisoma, nakukumbusha kwa kifupi, maana aibu yangu haifai kusimuliwa kwa kirefu mara mbili.

Mimi ni fundi cherehani. Mwisho wa wiki napiga gitaa la pili katika bendi ya harusi. Gitaa langu ni la umeme, la bei ya chini, lakini ndani lina uwazi kama gitaa la kawaida, na kifuani lina matundu mawili membamba yaliyopinda kama ndoana. Sura yake nzuri. Tabia ndiyo mbaya.

Niliwaeleza jinsi lilivyopiga mluzi katikati ya hotuba ya baba wa bwana harusi, mzee wa watu akiwa amefika kwenye machozi. Ulikuwa mluzi wa kuita mbwa. Na mbwa wawili walikuja kweli. Tangu siku hiyo jina langu limepotea, naitwa Mluzi.

Kiongozi wetu ni dereva wa treni mstaafu. Tunamwita Breki kwa sababu mtu akikosea hata kidogo, yeye husimamisha wimbo mzima. Alinipa siku saba.

"Jumamosi tunapiga kwenye harusi ya shemeji yako," alisema. "Likilia tena, wewe utapiga manyanga."

Manyanga! Mbele ya ukoo mzima wa mke wangu!

Jumatatu asubuhi nililipeleka gitaa kwa fundi redio, jirani wa duka langu. Akalichomeka kwenye spika, akagonga ubao kwa kucha. Spika ikaitikia: tok!

"Umesikia?" akasema. "Hizi pikapu zako zinasikia hata ukijikuna."

Pikapu, kwa asiyejua, ni kijisanduku cha sumaku kilichozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Kinakaa chini ya nyuzi, kinanasa mtetemo wake na kuupeleka kwenye spika. Gitaa langu lilikuwa nazo mbili, na waya wake ulikuwa umelegea, haukumwagiwa nta kuutuliza. Kwa hiyo zilinasa nyuzi, zikanasa spika, zikanasa na viti vya wageni.

"Mbao nzuri, shingo nzuri," fundi redio akasema. "Usilitupe. Libadilishie pikapu tu."

Nikarudi dukani, nikampigia simu muuza vifaa vya muziki. Huyu bwana ni mteja wangu, na tulishazungumza: mimi nimshonee suti mbili, yeye anipe pikapu mbili.

Bahati mbaya sikuwa peke yangu. Mama mkwe alikuwa amesimama juu ya stuli, namjaribisha gauni lake la harusi ya binti yake mdogo. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye pindo, simu nimeibana kwa bega, pini tatu mdomoni.

Lazima niwaeleze kuhusu mama mkwe. Kwa miaka kumi na miwili ya ndoa hajawahi kuniita mkwe, wala kuniita jina. Akizungumza na mke wangu, mimi ni "huyo wako wa kupunguza suruali." Nikienda kwake, nakaa kwenye benchi la mlangoni pamoja na ndoo.

Basi alisikia upande wangu tu wa simu, na upande wangu ulikuwa hivi:

"Ndiyo, pikapu mbili... Nyeusi zote... Ziwe na nguvu, lakini zisipige kelele. Hizi nilizonazo zinanguruma hata nikiwa nimesimama... Basi, suti mbili, pikapu mbili, tumemalizana... Alhamisi? Niletee hapahapa dukani."

Nikakata simu. Pindo likatulia ghafla.

"Nimesikia vizuri?" mama mkwe akauliza.

"Nini, mama?"

"Pikapu. Mbili."

"Mbili, mama."

"Mpya?"

"Hazijaguswa na mtu."

"Kwa suti?"

"Suti mbili tu."

Akashuka kwenye stuli, upande mmoja wa gauni ukiwa na pini na mwingine ukiburura. Akanishika mkono.

"Inuka, mwanangu. Utaumia magoti."

Mwanangu!

Hapo ndipo nilipoelewa anafikiria nini. Alikuwa anafikiria pikapu za barabarani, zenye matairi na bodi ya nyuma ya kubebea mizigo.

Ndugu msomaji, silabi nne zilitosha: za gitaa. Nikajiambia siwezi kusema kwa sababu nina pini mdomoni. Nikazitoa pini, moja baada ya nyingine, nikazichomeka kwenye kijimto cha pini. Mdomo ukawa mtupu kabisa.

Sikusema.

Jumanne akaniita nyumbani kwake. Nikaelekea kwenye benchi langu kama kawaida, nikawa naisogeza ndoo.

"Huko unakwenda wapi?" akasema. "Kaa hapa."

Hapa palikuwa kwenye kiti cha mikono cha marehemu baba mkwe. Kiti ambacho hata mjomba wa mke wangu hukizunguka kama kisima. Nikakaa. Kilikuwa na mto.

Mjomba mwenyewe alikuwepo. Alikuja kunihoji.

"Hizo pikapu zina nguvu?"

"Sana, mjomba. Zinakuza mara nyingi kuliko za zamani."

"Na mafuta je? Zinakunywa sana?"

"Hata tone."

"Hata tone? Zinaendeshwa na maji?"

"Ni za umeme, mjomba."

Akamgeukia mama mkwe, akamwambia polepole, kama mtu anayetoa habari ya msiba: "Dada. Za umeme."

Nataka ieleweke kwamba sijasema uongo hata mmoja. Niliulizwa, nikajibu. Ila najua pia kwamba mtu anayehesabu uongo wake na kukuta sifuri, huyo ana jambo.

Habari ya umeme ilitembea kuliko umeme wenyewe. Jumatano walikuja dukani wanaume watatu nisiowajua, kila mmoja na kitambaa chake.

"Tunataka suti," wakasema.

"Ya aina gani?"

"Ile ya pikapu."

Alhamisi asubuhi kifurushi kikafika. Kilikuwa na ukubwa wa kipande cha mkate. Nikakificha chini ya meza ya kukatia kabla mtu hajakiona, nikafunga duka, nikampelekea fundi redio.

Alilehemu nyaya kwa utaratibu, moshi ukimpanda puani. Pikapu mpya zikaunganishwa na vifundo vinne vya kurekebisha sauti, na swichi, na tundu la kuchomekea waya. Vyote vimeshikana kama ukoo wenye kesi moja.

"Sasa virudishe ndani," akasema.

"Mimi?"

"Gitaa hili halina mlango nyuma. Kila kitu kinaingilia kwenye tundu hili lililopinda, halafu kila kifundo kinatafuta tobo lake na kuchungulia kutoka ndani. Vidole vyangu haviingii humo." Akazima chuma chake cha kulehemu. "Na roho yangu pia."

Nikaenda nyumbani nikijivuna kidogo. Mimi ni mtu wa uzi. Nikafunga kila kifundo kwa uzi, nikapitisha ncha ya uzi kwenye tobo lake, nikaanza kuvuta taratibu.

Cha kwanza kikatoka. Cha pili kikatoka, cha kwanza kikarudi ndani. Nikavuta cha kwanza, uzi wa tatu ukakatika. Nikaliinua gitaa nikalitikisa. Ndani kukalia kachakacha, kachakacha.

Mke wangu alirudi kutoka zamu ya asubuhi akanikuta sakafuni, shavu limelala kwenye ubao wa gitaa, nalibembeleza.

"Njoo basi, baba. Njoo. Usinifanyie hivi."

Mke wangu ni mkunga. Amewapokea watoto wengi kuliko suruali nilizopunguza. Alisimama hapo na begi lake begani, akanitazama kwa muda.

"Tangu saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne."

"Saa nne! Na sasa hivi saa tisa. Umemchosha." Akavua viatu, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Sikumwambia anawe. Ni mazoea. "Sogea."

Akaligeuza gitaa kuelekea dirishani, akachungulia tunduni.

"Nani alikwambia uvute?"

"Sasa nifanye nini kama sio kuvuta?"

"Wote mnasema hivyo. Kwanza unageuza, ndipo unasubiri. Hiki kimekaa vibaya, kimelala ubavu."

Akatoa begini kipande cha mrija mwembamba wa mpira, wa zile paketi za hospitali zilizopita tarehe yake. Akaupitisha mpira kwenye tobo dogo la kifundo, ukatembea ndani, ukatokea kwenye lile tundu kubwa. Akauvalisha kwenye shina la kifundo, ukakaa barabara. Kisha akaurudisha mpira pole pole, mkono mmoja unaelekeza, mwingine unapokea.

Kifundo kikachungulia.

"Shika hapo! Fungia nati. Usitetemeke."

"Sitetemeki."

"Unatetemeka. Mababa wote wanatetemeka."

Vinne vyote vilitoka ndani ya dakika ishirini, na swichi, na tundu la waya. Alipomaliza aliupangusa ubao kwa kitambaa, akanikabidhi gitaa mikononi kwa namna ambayo nilikaribia kuuliza kilo ngapi.

Ndipo akakaa, akanyoosha miguu, akasema: "Mama alinipigia simu mchana. Anasema umenunua pikapu mbili za umeme."

Nikaendelea kufunga nati ambayo ilishafungwa.

"Nikamwambia sina habari. Akasema, 'Hajakwambia? Anataka kukushtukiza, mwanangu.' Sasa nishtukize."

Nikamwonyesha kwa kidole, chini ya nyuzi. Moja. Mbili.

Alicheka. Alicheka mpaka akashuka kutoka kwenye kiti, akakaa pale sakafuni nilipokuwa mimi, anapiga mkeka kwa kiganja. Nami nikacheka, nikadhani yamekwisha.

Kisha akaacha ghafla, kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni.

"Ngoja," akasema. "Upande wa bwana harusi walisema wataleta magari ya kumchukua bibi harusi na wageni wetu. Mama amewakatalia jana."

"Amewakatalia?"

"Amewaambia wasijisumbue. Amewaambia mkwe wake ana pikapu mbili."

Gitaa likawa zito mikononi mwangu.

"Utakwenda kumwambia wewe mwenyewe," mke wangu akasema. "Mimi nimeshazalisha. Kulea ni kwako."

Ijumaa asubuhi tulikuwa na mazoezi. Nikachomeka waya, nikaomba Mungu, nikapiga.

Sauti ilitoka nene, tamu, ya kuzunguka. Niliongeza kidogo, nikangoja mluzi. Haukuja. Nikaongeza tena. Haukuja! Nyuzi ziliongea kila mmoja kwa zamu yake, kama watu waliokwenda shule. Mpiga besi alinigeukia akiwa ameacha mdomo wazi. Nikafunga macho.

"Simama!" Breki akapiga kelele.

Wimbo ukakatika. Moyo nao.

"Nani amepiga hiyo?"

"Mimi."

"Nani kakosea?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amekosea.

Breki akakuna kidevu. "Basi nimesimamisha kwa mazoea," akasema. Kisha, bila kunitazama: "Kesho wimbo wa kuingia bibi harusi, utaanza wewe peke yako."

Miaka sita nimekuwa kwenye bendi hiyo. Sijawahi kuanza wimbo. Nilitoka pale natembea kama nimevaa viatu vipya, na nilifika mtaa wa pili kabla sijakumbuka kwamba huyo bibi harusi wa kuingia hana usafiri wa kumfikisha.

Mchana nikaenda kwa mama mkwe, gitaa mgongoni. Nilimkuta peke yake sebuleni, gauni lake limening'inizwa kwenye mlango wa kabati, anakunja vitambaa vya meza.

"Karibu, mwanangu. Kaa pale."

"Nitasimama, mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimekuja kukuonyesha pikapu."

Akaviacha vitambaa. Uso wake ukafunguka, akaelekea dirishani, akavuta pazia, akaangalia barabarani upande wa juu, akaangalia upande wa chini.

"Umeziegesha wapi?"

"Ziko humu, mama." Nikalitoa gitaa kwenye mfuko wake, nikaliweka mezani.

Nilimweleza yote. Mluzi, fundi redio, sumaku, nta, suti. Nilimweleza na zile pini tatu. Sikupunguza kitu, na kupunguza ndiyo kazi yangu.

Aliinama juu ya gitaa, akavaa miwani, akatazama vile vijisanduku viwili vyeusi, virefu kama kidole.

"Hizi?"

"Hizi."

"Na bibi harusi nimkalishe wapi? Kwenye hii ya mbele?"

Nikaitazama ndoo kule mlangoni.

"Kwa nini hukusema palepale?"

Nilikuwa nimeandaa majibu matatu njiani. Yote yakanikimbia, likabaki la kweli.

"Uliniita mwanangu, mama. Nilitaka nisikie mara ya pili."

Akavua miwani. Akaipangusa kwa kitambaa cha meza kilichopigwa pasi, jambo ambalo angemkemea mtu yeyote kwa kulifanya. Akakaa, na alikaa kwenye benchi la mlangoni, kando ya ndoo.

"Unajua walivyokuja hapa mara ya kwanza, upande wa bwana harusi?" akasema. "Walisema, 'Mama usihangaike, sisi tutaleta magari, tunajua hali yako.' Hali yangu! Nilisomesha mabinti wawili kwa kufua nguo za watu. Sikuomba lifti ya mtu." Akatikisa kichwa. "Jumatano niliwaambia asante, tunazo zetu. Mjomba wao akabaki hana neno. Nilikwenda kulala nikiwa na raha, mkwe wangu. Raha ya kipumbavu, lakini raha."

Nilitaka sakafu inimeze, lakini ilikuwa ya saruji.

"Nitakwenda kwao sasa hivi," nikasema. "Nitawaambia kosa ni langu, walete magari yao."

"Utawaambia mama mkwe hajui tofauti ya gari na gitaa?"

Kabla sijajibu, mlango ukagongwa. Hodi ya watu wengi.

Mama mkwe akafungua. Walikuwa watatu. Mbele alisimama mjomba wa bwana harusi mwenyewe, mtu wa tumbo kubwa na sauti ya mkutano. Wa pili alibeba roli la utepe mweupe na futi ya kupimia. Wa tatu alikuwa amejizungushia begani waya mrefu wa umeme, mnene kama nyoka aliyeshiba.

"Hodi, mama! Hatukai," mjomba akasema. "Tumekuja kupima pikapu, tujue mapambo yatachukua mita ngapi. Na tumeleta waya, maana tumesikia ni za umeme. Zisije zikaishiwa moto njiani na binti yetu ndani."

Akacheka. Wenzake nao wakacheka, wakichungulia juu ya bega la mama mkwe, wakitafuta. Macho ya mjomba yakapita kwenye gitaa, yakaniangukia mimi.

"Huyu ndiye mkwe mwenyewe?"

"Ndiye," mama mkwe akasema.

"Hongera, bwana. Ziko wapi?"

Nikafungua mdomo. Safari hii haukuwa na pini hata moja. Nilikuwa nimeshaamua, nawaapia, maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno.

Mama mkwe akanikanyaga mguu.

"Ziko kazini," akasema.

Huyu ni mwanamke ambaye aliwahi kurudi sokoni kwa miguu kwenye mvua, kurudisha kitunguu kimoja alichopewa kwa makosa. Sijawahi kumsikia akisema uongo. Hakujua hata jinsi ya kuushika. Aliutoa wima, kwa sauti ya kusoma tangazo.

"Zimebeba mzigo wa mteja. Zitarudi kesho. Saa tatu asubuhi zitakuwa zimesimama hapa mlangoni, zote mbili. Utepe niachieni, tutafunga wenyewe."

"Na waya?"

Mama mkwe akautazama ule waya. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Leteni na waya."

Wakaagana kwa heshima. Mjomba alinipa mkono mara mbili. Tulisikia sauti yake ikiishia kwenye kona, ikisema za umeme, za umeme.

Mama mkwe akafunga mlango, akaegemea. Alikuwa amekumbatia utepe na waya, na kifua chake kilipanda na kushuka kama mtu aliyepanda ghorofa tano.

"Mama," nikasema, "umefanya nini?"

"Sijui," akasema. Akavitupa vile vitu juu ya kile kiti cha mikono, akachukua kanga yake kwenye msumari, akajifunga kiunoni. "Vaa viatu. Pikapu mbili, nyeusi, kesho saa tatu. Tunaanzia wapi?"